Mlima Hauteremki Mjini

Jinja, ukichomeka kijiti ardhini leo, baada ya muda mfupi kina majani. Nimeona nguzo za ua wa kuku zilizochipua zikawa miti, mwenye kuku akalazimika kuzipogoa kila mvua zikipita. Ziwa liko mlangoni, mvua hazikauki kwa muda mrefu, udongo ni mwekundu na mzito, na joto halijui msimu. Basi mtu akikwambia kuna mimea iliyokataa katakata kuota Jinja, lazima uende ukaione kwa macho yako.

Hicho ndicho kilichonitoa Kitale mwezi wa Januari. Nilivukia Busia, nikafika Jinja, halafu nikakata kwenda Mbale. Mimi ni mtu wa ng'ambo ya mlima. Kwetu Trans Nzoia jua huzama nyuma ya Elgon. Kwa watu wa Mbale ndiko linakochomoza. Sisi Wabukusu na ndugu zetu Wagisu mlima tunauita Masaba, pande zote mbili, na mpaka wa dola mbili uliopita juu yake haujabadilisha jina. Kule juu, chini ya kilele cha Wagagai chenye mita 4,321, kuna bustani isiyopandwa na mtu: senesio warefu kuliko binadamu, lobelia zilizosimama kama walinzi, maua makavu yasiyonyauka, na nifofia zenye rangi ya moto kando ya vijito. Kila mpenda bustani aliyewahi kufika huko hushuka na wazo moja kichwani: ningepata mche mmoja tu nikaupanda nyumbani!

Mwenyeji wangu wa Jinja, mwalimu mstaafu, alikuwa amekwisha kulitekeleza wazo hilo. "Karibu uone makaburi," aliniambia hata kabla sijaweka mkoba chini.

Nyumba yake iko upande ule wa mji wa zamani wenye barabara pana na nyumba za Wahindi zenye veranda, nyingi zilizoachwa mwaka 1972 na nyingine zikarudishwa kwa wenyewe baadaye. Mbele ya nyumba alijenga kichuguu cha mawe na kokoto, kimeinuliwa hadi magotini, kikainamishwa kidogo ili maji yasituame. Alikifuata kitabu cha Kiingereza neno kwa neno. Waingereza wana mapenzi ya ajabu na mimea ya milimani. Chama chao cha wapenzi wake, Alpine Garden Society, kimekuwapo tangu 1929, na vitabu vyao vyote vinasisitiza jambo moja: mimea hii huuawa na maji yanayokaa mizizini, basi tia kokoto, inua tuta, acha maji yaende zake. Mwalimu alitia kokoto na kuinua tuta, na maji yalikwenda zake kweli. Kisha akapanda helikrisamu, yale maua makavu yasiyonyauka, na nifofia alizopewa na rafiki yake wa Kapchorwa.

Zilishika. Hilo ndilo lililomtia tamaa. Zilirefuka upesi kuliko zinavyorefuka mlimani, majani yakawa laini na marefu yasiyoweza kujibeba, halafu moja baada ya nyingine zikaoza shingoni, pale shina linapokutana na udongo. Nilipofika, juu ya kichuguu kulikuwa na mjusi na mmea mmoja tu wenye afya, nao ni lantana iliyojiotea yenyewe kutokana na mbegu iliyodondoshwa na ndege.

Mwalimu aliulaumu udongo. Mimi naulaumu usiku.

Mmea hujitengenezea sukari mchana kwa nguvu za jua, na usiku na mchana huichoma sukari hiyohiyo ili uishi. Usiku ukiwa wa baridi, matumizi hupungua na akiba hubaki. Usiku ukiwa wa joto, matumizi hupanda. Joto likiongezeka kwa nyuzi kumi, kasi ya uchomaji huweza kufika karibu mara mbili. Usiku wa Jinja ni wa nyuzi 16 au 17, na ziwa linahakikisha kwamba haushuki sana. Usiku wa mita 4,000 hufika kwenye barafu. Hesabu yenyewe si ngumu: kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi sita. Kutoka Jinja, ambayo iko kwenye mita 1,150 hivi, hadi Wagagai, ni tofauti ya karibu nyuzi 20. Mmea wa kule ukiushusha Jinja unaufanya ule usiku mmoja mshahara wa siku nzima. Kokoto hazisaidii kitu.

Tena hivi vitabu vya Ulaya vinazungumzia mimea mingine kabisa, ijapokuwa jina la "mimea ya milimani" ni moja. Mmea wa Alps hulala chini ya theluji kwa miezi, ukaamka, ukaharakisha kuchanua kabla baridi haijarudi. Wa kwetu haulali. Msweden Olov Hedberg, ambaye alianza kuipanda milima ya Afrika Mashariki mwaka 1948 na kuandika vitabu ambavyo wataalamu bado wanavitegemea, alieleza kwamba huku kila siku ni kiangazi na kila usiku ni majira ya baridi. Mwaka mzima umo ndani ya saa 24. Mmea wa Masaba huamka kila asubuhi ukafanya kazi, na kila jioni hujifunga dhidi ya barafu. Ukiutoa kwenye zamu hiyo umeutoa kwenye maisha yake.

Na hapa pana jambo linalonichekesha kila nikilikumbuka. Nifofia ya Elgon ina ndugu yake mmoja aliyepewa jina la Snowden, ofisa wa Idara ya Kilimo ya Uganda wakati wa ukoloni aliyekusanya sana mimea ya mlima huu. Jina la aina yenyewe, thomsonii, linamkumbuka Joseph Thomson, Mskoti aliyefika sehemu za Elgon mwaka 1883. Ua hilo leo linapandwa katika bustani za Uingereza na kuuzwa kwenye vitalu vyao, kwa kuwa majira yao ya joto yana usiku wa ubaridi kiasi. Limevuka bahari likastawi. Kushuka kilomita chache tu hadi mjini Mbale, limeshindwa.

Nyuma ya nyumba ya Mwalimu mambo yalikuwa mengine. Huko aliotesha vichaka vya matunda, na vichaka vilikuwa vinatoa ushahidi wao bila kuulizwa. Mti wa matunda-damu ulikuwa mpana, majani yake makubwa ya moyo yamefunika nusu ya tangi la maji, na haukuwa na tunda hata moja. Asili yake ni milima ya Andes, na bila usiku wa baridi maua yake hudondoka bila kushika mimba. Stroberi zilikuwa zimetambaa hadi kwenye njia, vikonyo kwa vikonyo, na matunda yake yalitosha kumtuliza mtoto mmoja. Lakini ntuntunu, yale matunda madogo ya njano yaliyovikwa ganda jepesi la karatasi, zilikuwa zimejaa chini. Na mforsadi! Mwalimu hukata tawi, hulichomeka, basi. Ukikaidi kuzaa huupukutisha majani yote kwa mkono na kuupogoa, nao kwa woga au kwa hasira, sijui, hutoa machipukizi yaliyojaa matunda meusi. Watu wa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, hufanya hivyo hivyo kwa matofaa: kwa kuwa hawana majira ya baridi ya kuangusha majani, huyaangusha wenyewe.

Upande wa barabara ua wake ni wa duranta, kama nyumba nyingi za mitaa ile. Vishada vya tunda la dhahabu vinavutia kweli, na kwa maoni yangu ndiyo sababu nyumba yenye watoto isingekuwa nao: matunda yale yana sumu. Nilimwambia. Akanijibu kwamba wajukuu wake wanajua. Ningekuwa yeye ningeung'oa nikapanda mtandamboo, ambao Waganda huuita muyonza. Una miiba ya kumzuia mwizi, maua meupe yenye harufu nzuri, na matunda yake yakiiva kabisa hadi kuwa meusi ni matamu. Na ni wa hapahapa. Hauna haja ya kubembelezwa.

Msafiri anayetoka Jinja kwenda Mbale akitegemea ubaridi hudanganyika. Unapita Iganga, unaiacha barabara kuu ya Tororo pale Nakalama, unapita Namutumba, unavuka mafunjo na mashamba ya mpunga ya mto Mpologoma, unapita Tirinyi, na muda wote huo unakwenda tambarare. Ghafla mbele yako linasimama genge la Wanale, limenyooka juu ya mji, maporomoko ya maji yakining'inia kama nyuzi nyeupe baada ya mvua. Unadhani umefika mlimani. Mbale iko chini ya mlima, si juu yake; kimo chake na cha Jinja karibu ni kimoja, na usiku wake pia. Mwaka wa mafuriko, Julai 2022, maji ya mto Nabuyonga na mito mingine yaliyoshuka kutoka huko juu yaliua watu mjini. Hivyo ndivyo mlima unavyoteremka Mbale, kwa maji. Ubaridi unaubakiza kwake.

Mtu aliyeiunganisha miji hii miwili kuliko wote alikuwa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatekea Waingereza nchi hizi za mashariki. Mbale ilianza kama makazi yake mwanzoni mwa karne ya 20. Kisha kati ya 1906 na 1913 Waingereza wakamweka Jinja kuongoza baraza la Busoga. Halafu akarudi Mbale, akafa huko mwaka 1928. Nina mambo mengi dhidi yake, kama walivyo nayo wazee wa Kigisu, ila njia alizozichonga alizipandia mivule kando kando, na hilo silo jambo la mtu anayefikiria kesho yake tu.

Mjini Mbale wauza miche wamepanga viriba vyao kando ya barabara: parachichi, grevilea, mikaratusi, waridi, na kahawa kwa maelfu. Niliuliza kwa kila mmoja kama ana ua lolote la kutoka juu mlimani. Mmoja akanionyesha hidranja. Mwingine, kijana mchangamfu mwenye jezi ya Arsenal, akasema, "Mzee, ya juu yanabaki juu," akaniuzia maji ya kunywa.

Lakini kichaka cha matunda cha mlima huu kilikuwa mbele ya macho yangu, nami nilikaribia kukiruka kwa kukizoea. Kahawa ni kichaka. Tunda lake ni jekundu, lina nyama tamu kidogo, na kila mtoto aliyekulia kwenye mibuni amelifyonza kisha akaitema mbegu. Wenye bustani wa Ulaya huuweka ndani ya chungu sebuleni na kujivunia matunda matatu. Sisi tumeuona wa shamba tu, wa deni na ushirika, tukasahau kwamba ni mmea wa kupendeza.

Na kahawa inakata kimo kuliko chombo chochote cha kupimia. Jinja na Busoga yote ni nchi ya robusta, ambayo misitu ya Uganda ndiyo kwao kwa asili. Juu ya Mbale, kuanzia mita 1,300 hivi na kwenda juu, ni nchi ya arabika, iliyoletwa na kupandwa na Wagisu kwenye vishamba vyao, na iliyowafanya waunde Bugisu Co-operative Union mwaka 1954 ili wauze wenyewe. Arabika ukiishusha Jinja, kutu ya majani huimaliza. Ukiipandisha juu mno, kwenye ukungu na ubaridi, hushikwa na chulebuni, ugonjwa ambao uligunduliwa mara ya kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922, na huozesha tunda likiwa bado kijani. Nafasi iliyo katikati ndiyo bustani yake. Kuna jambo moja zaidi ambalo mwenye ua wa nyumbani anapaswa kulijua kabla hajanunua mche: arabika hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mbuni mmoja tu huzaa, robusta haiwezi, lazima iwe na mwenzake wa ukoo tofauti karibu. Mwalimu wa Jinja ana robusta moja yenye maua ya kunukia nyumba nzima kila baada ya mvua, na analalamika kwamba ni tasa. Si tasa. Ni mjane.

Kwenda juu nilipitia Budadiri, ambako ofisi ya hifadhi hukupa askari na mwongoza njia. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon upande wa Uganda ilitangazwa mwaka 1993, na huruhusiwi kung'oa kitu. Majirani wenye makubaliano na Mamlaka ya Wanyamapori ndio hukata machipukizi ya mianzi, malewa, wanayoyakausha kwa moshi na kuyauza Mbale yapikwe na karanga. Njia ya Sasa hupanda kwenye mashamba ya migomba na kahawa, kisha genge lenye ngazi, kisha mianzi, hadi kambi ya mto Sasa kwenye mita 2,900. Kesho yake unafika pango la Mude, mita 3,500. Kupumua kunakuwa kazi. Mazungumzo yanakwisha. Sitasimulia zaidi safari ya miguu, wameisimulia wengi.

Nitasimulia asubuhi ya Mude. Kabla jua halijagusa bonde nilichuchumaa kando ya lobelia iliyokuwa bado kijani, haijachanua. Majani yake yamejipanga mviringo na kufanya bakuli, na bakuli lina maji ya mvua. Juu ya maji kulikuwa na kigamba cha barafu kama kioo cha saa. Nilikibonyeza kwa ukucha, kikapasuka na kuzama upande. Chini yake maji yalikuwa majimaji, ya baridi ya kuuma lakini maji, na ndani yake viluwiluwi vya wadudu vilikuwa vinajipinda. Ncha changa ya mmea iko chini kabisa, ndani ya maji hayo. Barafu ikielea juu huwa kifuniko. Maji yanayoganda ni yale ya juu, na chipukizi linasalimika. Hatua chache mbele, senesio walikuwa wamefunga majani yao kama ngumi. Nilitia mkono kwenye shina la mmoja: majani makavu ya miaka na miaka, hayajaanguka, yamelivika koti nene kuliko kiganja changu, na ndani ya koti hilo uboho wenye maji hauwezi kuganda. Jua linapotokea, majani yanafunguka na maji yapo tayari. Miti hiyo hukua polepole mno, na mikubwa inakadiriwa kupita miaka 100.

Nilimwazia Mwalimu na kichuguu chake. Mmea uliozaliwa na koti lisilovulika, uukalishe kwenye veranda ya Jinja.

Kutoka huko sikurudi mjini moja kwa moja. Nilikodi boda boda ikanipandisha Wanale kwa ile barabara ya kona juu ya kona, kwa sababu askari wa hifadhi alinielekeza nyumba ya mama mmoja ninayeweza kumpenda. Wanale juu yake ni zaidi ya mita 2,000. Kuna kabichi, viazi mviringo, vitunguu; kuna minara ya simu; na jioni unatafuta sweta. Kitale yangu iko kwenye mita 1,900, basi nilijihisi nyumbani.

"Mulembe, Kukhu," nilimsalimu, yaani amani, bibi. Aliitikia, akanitazama, akauliza kwa Kigisu kama mimi ni wa ng'ambo. Matamshi yangu ya Kibukusu yalimchekesha. Tangu hapo tulichanganya Kigisu na Kiswahili, chake kikiwa cha sokoni na cha mume aliyekuwa jeshini.

Kukhu hana bustani ya maua na hana shamba. Ana kitu kimoja ambacho kinafanya kazi zote mbili. Migomba juu, arabika chini yake, na kila palipobaki mwanya amechomeka kichaka chenye tunda. Matunda-damu yake yalikuwa yamening'inia kwa vikonyo virefu, mekundu na ya manjano, yamezidi hadi ameuwekea mti nguzo, kwa kuwa mizizi yake iko juu juu na upepo wa gengeni hauna huruma. Mti uleule wa Jinja. Mita 900 tu juu zaidi. Alinipasulia tunda moja kwa kisu cha kumenyea viazi, akanyunyizia sukari, akaniangalia nikila ganda pia, akasema, "Ganda ni la mbuzi."

Kwenye ua ana nkenene, tunda jeusi la mwituni lenye miiba, ambalo kwingine mlimani hukatwa kwa panga kama gugu. Yeye alizileta kwake akiwa bibi arusi. Kanuni yake ni hii: fimbo iliyokwisha kuzaa hukatwa chini kabisa, na zile changa huinamishwa na kufungwa kwenye ua ili zizae mwakani. Usipofanya hivyo, alisema, ua unazaa miiba. Samadi hutia mara moja, mvua za Machi zikianza. Majivu hataki kuyasikia. Adui yake mkubwa ni kuzumburu, ndege wale wa mkia mrefu wanaotambaa kwenye matawi kama panya. Shore nao huja, lakini shore anakula tunda na kwenda, kuzumburu anakula na ukoo. Dawa ya Kukhu ni kuchuma alfajiri, tunda likiwa jekundu linaloelekea kuwa jeusi, na kuliacha liive jikoni. Linakuwa chachu kidogo. "Bora chachu yangu," alisema, "kuliko tamu ya ndege."

Nilimuuliza juu ya maporomoko ya ardhi. Machi 2010 mlima uliangukia kijiji cha Nametsi kule Bududa na kuzika mamia ya watu, na tangu hapo hakuna mtu wa miteremko hii anayepanda kitu bila kufikiria mizizi. Alinionyesha miti mikubwa aliyoiacha juu ya nyumba. Vichaka, alisema, ni vya kula. Havishiki mlima.

Halafu, karibu na mfereji anapooshea vikombe, niliiona. Nifofia, kundi pana kama mkeka, mafito yake yanafika kiunoni, vimirija vya maua ya rangi ya chungwa vimeachana-achana kwenye ufito na kupinda chini, si yale maua yaliyobanana ya maduka ya Nairobi. Chozi wawili walikuwa wanagombania ufito mmoja. Mume wake aliitoa zamani kwenye bwawa la majani lililo nje ya mpaka wa hifadhi. Haikupandwa kwenye kokoto. Ilipandwa kwenye tope jeusi, na imejisambaza yenyewe kwa mizizi inayotambaa hadi ikabidi aizuie kwa jembe. Kitabu cha Mwalimu kingesema haiwezekani.

"Kwa nini umeiweka?" niliuliza.

"Iko tu," alisema. Kisha baadaye kidogo: "Mzee aliipenda."

Alinikatia kipande kwa jembe, kikiwa na mizizi na donge la tope, akakifunga kwa jani la mgomba, nami sikuwa na ujasiri wa kukataa. Ila mche wenye udongo hauvukishwi mpakani bila cheti cha afya ya mimea, na sheria hiyo ni nzuri. Magonjwa mengi ya migomba na mihogo yetu yamesafiri kwa zawadi za namna hii. Kitale nitaitafuta upande wetu wa mlima, kwenye mabwawa yaliyo nje ya hifadhi, kwa mbegu na kwa ruhusa ya mwenye shamba. Usiku wetu unafaa. Wa Eldoret pia, wa Lushoto, wa Njombe, wa Kabale. Mtu wa Jinja, wa Kisumu au wa Mwanza nitamwambia apande mforsadi, ntuntunu, mtandamboo na robusta mbili, na mimea ya kileleni aiache kileleni.

Basi nikashuka nacho hadi Mbale, nikampa yule kijana wa jezi ya Arsenal. Alikigeuza, akakinusa, akakipandikiza papo hapo kwenye kiriba na kukiweka kivulini nyuma ya hidranja. Nikamweleza habari za usiku na kimo, kwamba hapa mjini kitaoza tu, asimwuzie mtu. Alinisikiliza kwa adabu yote hadi mwisho. Kisha akachukua kipande cha boksi na kalamu ya wino mzito, akaandika 10,000.

"Nitawauzia watu wa Wanale," alisema.